Simu, kamera ya mfukoni, au kamera yenye lenzi moja: ubebe ipi unapopiga picha kwa raha zako?

Ukilipwa, beba begi zima. Bibi harusi hatarudia kuingia ukumbini kwa sababu lenzi yako ilikuwa fupi, na aliyekulipa hana haja na habari za mgongo wako. Ninaowaandikia ni wale wengine: mtu anayetoka Jumamosi alasiri na kamera kwa kuwa anapenda tu, hana mteja, hana tarehe ya kukabidhi kazi, na begi lake lenye lenzi nne linazidi kukaa juu ya kabati.

Wengi huanza kwa kuuliza kamera ipi ni nzuri. Mimi naona swali la kwanza ni hili: unapenda kusimama umbali gani na watu? Anayesogea mpaka anasikia harufu ya kahawa anahitaji kifaa kimoja, na anayependa kukaa ng'ambo ya barabara akitazama anahitaji kingine kabisa. Ukishaujua umbali wako, lenzi inajichagua yenyewe, na kamera inafuata lenzi. Megapikseli zije mwisho.

Mahali pa kulinganishia nimechagua Mji Mkongwe, Unguja, kwa sababu ndani ya mwendo mfupi wa miguu unakutana na karibu mitihani yote. Kuna vichochoro vyenye jua kali upande mmoja na giza upande wa pili. Kuna wazee na kahawa yao pale Jaws Corner. Na jioni kuna vijana wa Forodhani wanaokimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani huku umati umejipanga kuwatazama. Aliye Lamu, Mji wa Kale Mombasa au Kariakoo abadilishe majina tu.

Kwanza uzito, kwa takwimu za watengenezaji, kamera ikiwa na betri na kadi ndani:

| Chaguo | Lenzi (kwa kipimo cha filamu ya 35) | Uzito |
|---|---|---|
| Simu | milimita 24 hadi 26 kwa kamera kuu | gramu 200 hivi, na tayari unayo |
| Ricoh GR III | milimita 28, f/2.8 | gramu 257 |
| Fujifilm X100VI | milimita 35, f/2 | gramu 521 |
| Nikon D3500 na lenzi ya 35 f/1.8 | milimita 52 hivi | gramu 615 |
| Canon 5D Mark III na zumu mbili za f/2.8 (24-70 na 70-200) | milimita 24 hadi 200 | kilo 3.2, bila begi |

Safu ya katikati, ya lenzi, ndiyo ya kusoma polepole. Milimita zikiwa chache lenzi inaona kwa upana, zikiwa nyingi inavuta mbali. Namba ya f ni ya tundu linalopitisha mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Na kihisi, yaani kipande kinachopokea picha, kwenye kamera nyingi ndogo ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, ndiyo maana lenzi ya 35 ya Nikon hiyo inaona kama ya 52. Chukua mtu mmoja, unataka aonekane kuanzia kiunoni hadi kichwani, na kamera umeishika kwa upana. Lenzi ya 28 inakutaka usimame mita 1 hivi kutoka kwake. Ya 35 inakupa mita 1.3. Ya 50 inakurudisha hadi karibu mita 2, na ya 200 inakupeleka mita 7 na nusu, yaani upande wa pili wa barabara. Mita 1 ni umbali wa kuamkiana. Huwezi kumpiga mzee picha kwa umbali huo bila kusema "Shikamoo mzee, naomba picha moja," na kusubiri jibu. Kwa hiyo, anayenunua kamera ya milimita 28 ajue amenunua na mazungumzo ndani yake. Kama hayo yanakuchosha, usiipeleke pesa yako huko kwa sababu tu mtandaoni wanaisifu.

Simu

Mchana wa jua, simu ya leo hata ya bei ya kati inatoa picha ambayo ukiitazama kwenye kioo cha simu nyingine huitofautishi na ya kamera. Kwenye kichochoro chenye jua na kivuli inaweza hata kuishinda, kwa sababu inapiga fremu kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha: moja inachangia anga, nyingine inachangia baraza lililo gizani. Kamera kwa pigo moja itakupa anga jeupe au mlango mweusi, uchague mwenyewe. (Mimi napenda kivuli kibaki kivuli, lakini najua niko upande wa wachache.) Na kwa sura zetu, kampuni ya Transsion yenye Tecno na Infinix ilijijengea soko Afrika kwa sehemu kwa kuzirekebisha kamera zake zisiziache ngozi nyeusi gizani. Ila zima ile kazi ya kulainisha uso. Bibi yako ana mikunjo yake, na ndiyo uliyotaka kuipiga.

Tabu ya kuunganisha fremu ni kwamba inataka vitu vitulie. Karibu na Ikweta jua huzama wima. Likishagusa bahari, una dakika 20 na kitu kabla giza halijaingia. Hapo ndipo Forodhani inapochangamka, mataa ya wauza urojo na mishikaki yanawaka, na hapo ndipo simu inapoomba kila mtu asimame. Ukuta unatoka safi, mtungi unatoka safi, na anayepita mbele yake anabaki moshi. Zumu ya simu nayo, nje ya lenzi zake halisi, mara nyingi ni kukata picha na kuikuza.

Kuna jambo lingine ambalo walinganishaji wa Ulaya hawaligusi. Kwetu simu ndiyo pochi. Pesa imo humo, tiketi ya boti imo humo, namba ya mwenyeji wako imo humo. Ukiinyoosha mbele ya kifua kwenye msongamano wa Darajani au Kariakoo, unachomwonyesha kibaka ni zaidi ya kamera. Na betri ikikata saa kumi na mbili jioni, umekosa picha na nauli kwa pamoja. Halafu kuna kero ndogo: umeinua simu, kijana ameshaanza kukimbia kuelekea ukutani, na ujumbe wa kundi la ukoo unashuka juu ya kioo kukumbusha nani hajachanga.

Mwenye simu tu asinunue kitu kwanza. Apige nayo mpaka ajue inamkatalia wapi. Ikimkatalia gizani, ajue anahitaji tundu kubwa la lenzi. Ikimkatalia kwenye umbali, anahitaji lenzi ndefu. Hizo ni safari mbili tofauti za dukani.

Kamera ya mfukoni

Ricoh GR III ilitoka mwaka 2019. Inaingia mfuko wa suruali, si wa koti, na ndani yake kuna kihisi cha ukubwa uleule wa kamera nyingi za DSLR za kawaida (zile zenye kioo cha kuakisi ndani na lenzi za kubadilisha). Mpiga picha Daido Moriyama wa Japani ametembea vichochoro vya Shinjuku, Tokyo, miaka mingi na kamera za ukoo huu wa GR, na ukiishika unaelewa kwa nini: kwa mtazamaji wa pembeni, ni kama huna kamera.

Uzuri wake wa kweli unaonekana pale Forodhani. Ina njia ya kuamua umbali wa fokasi kabla. Iweke mita 2.5, tundu f/8, na kila kitu kuanzia mita moja na kidogo hadi upeo wa macho kitakuwa kimetulia vya kutosha. Sasa kamera haina cha kutafuta. Unasimama karibu na ukuta, pembeni ya njia yao ya kukimbilia, kijana anakuja mbio, miguu inaacha ukuta, unabonyeza. Jua likiwa nyuma yake anatoka mweusi juu ya maji ya dhahabu, vidole vya miguu vimechanuka, na nyuma yake kichwa cha mwenzake kinachomsubiri majini. Simu ingekuwa bado inaamua iangaze uso au anga.

Mapungufu yake si ya kufichwa. Haina kitundu cha kuchungulia, na saa saba mchana kioo chake kwenye jua la Unguja unakiona kwa shida. Betri ni ya picha 200 kwa kipimo cha kiwandani, kwa hiyo betri ya pili si anasa. Lenzi yake hutoka na kurudi ndani kila ukiwasha na kuzima, mwili haukuzibwa dhidi ya vumbi, na doa kwenye kihisi ni lalamiko la kawaida kwa wenye nayo. Usiiweke mfukoni pamoja na mchanga wa Paje. Kwa anayependa kurudi nyuma kidogo, dada yake GR IIIx ya mwaka 2021 ina lenzi ya milimita 40, na mimi naona hiyo ndiyo inayofaa zaidi kwa Mswahili wa kawaida mwenye haya kiasi. Mita moja na nusu inatosha kumheshimu mtu.

X100VI sitaipigia debe sana. Ni nzuri, ina kitundu cha kuchungulia, shata yake (mlango unaofunguka kupitisha mwanga) haisikiki, na lenzi yake ya f/2 inavuka vizuri kutoka alasiri hadi usiku. Lakini ilipotoka mwaka 2024 ilitangazwa kwa dola 1,599 kule Marekani, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji wetu. Haiingii mfukoni. Na muundo wake wa kizamani unavuta maswali kuliko kamera nyeusi ya plastiki. Mwenye pesa atafurahi nayo. Asiye nazo asilale akiiota, kwa sababu chaguo linalofuata linampa sehemu kubwa ya hayo kwa bei ndogo zaidi.

Kamera ya kawaida, lenzi moja tu

Hapa ndipo ningemwelekeza mtu wa Dar, Nairobi au Bujumbura anayeanza. DSLR ndogo zilizotumika zimejaa mikononi mwa watu, kwa sababu dunia imehamia kamera zisizo na kioo hicho cha ndani (mirrorless) na wengi wanauza walizonazo. Nikon D3500 ya mwaka 2018 ni mfano. Ikiwa na lenzi ya 35 f/1.8 ni gramu 615, inaning'inia shingoni bila kuuma, na betri moja inahesabiwa picha 1,550. Yaani unaenda Pemba mwisho wa wiki na chaja unaiacha nyumbani. Wa Canon ana lenzi nyembamba ya 24 f/2.8 yenye gramu 125, inayoifanya kamera ndogo kama 200D iwe karibu bapa, na inayoona kwa kipimo cha milimita 38. Zote mbili nazipenda kuliko ile 50 f/1.8 ambayo kila mtu anashauriwa aanze nayo. Hiyo 50 ni rahisi na ni kali, lakini juu ya Canon hizi ndogo inageuka 80, na kichochoro cha Mji Mkongwe hakina nafasi ya kurudi nyuma. Utagonga mgongo ukutani na bado umekata kichwa cha mtu.

Ubishi mkubwa ni kati ya lenzi hii isiyo na zumu na ile 18-55 inayouzwa pamoja na kamera. Mchana, sioni sababu ya kuidharau 18-55. Inafanya kazi ya lenzi tatu, na anayepiga familia ufukweni Jumapili ataishukuru. Giza ndilo linaloitoa. Ukiizumu hadi mwisho tundu lake linafika f/5.6, na ukilinganisha na f/1.8, lenzi isiyo na zumu inaingiza mwanga karibu mara 10. Kwa mzee wa kahawa chini ya taa moja ya barabarani, hiyo ni tofauti kati ya shata ya 1/125 ya sekunde, inayoushika mkono wake ukiwa na kikombe, na shata ya kama 1/13 inayougeuza mkono kuwa wingu. Unaweza kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kufidia, lakini kwa kamera hizi ukipita 6400 chengachenga zinaanza kula rangi ya uso.

Kuna na suala la tabia. Mwenye zumu husimama alipo na kuzungusha mkono. Mwenye lenzi moja hutembea. Wapo wanaosema hilo la pili ndilo safi. Mimi siendi mbali hivyo, kuna mahali huwezi kutembea: bahari iko mbele, uzio uko mbele, au mama mwenye buibui ameshageuza uso na jibu umelipata. Lakini baada ya muda na lenzi moja, unaanza kuiona fremu kabla hujainua kamera, na hiyo inaokoa sekunde ambazo zumu inazipoteza.

Hasara ya kundi hili lote ni kwamba kamera inaonekana. Askari wa jengo anakuja kuuliza kibali. Mzee anauliza ni ya gazeti gani. Pale Coco Beach watu wanakuita, "Kaka, picha bei gani?" wakidhani ni mmoja wa wapiga picha wa pale. Na kwenye shughuli ya ndugu ndiyo balaa: mwenye simu anakula pilau, mwenye DSLR anaambiwa asogee mbele kwa kuwa "si unayo kamera." Kamera ndogo inakupunguzia hayo, ingawa haikupi ruhusa mpya. Maeneo ya jeshi, polisi, bandari na Ikulu hayapigwi kwa kifaa chochote, hata simu.

Na begi zima?

Kilo 3.2 zina mahali pake, na mahali hapo ni mbugani. Simba aliye mita 60 hafuatwi kwa miguu. Mikumi na Serengeti zinataka milimita 300 na kuendelea, na ndani ya gari uzito si hoja. Mpira nao vivyo hivyo. Ukienda mara moja kwa mwaka, azima lenzi au ikodi, kisha irudishe. Usinunue lenzi ya tembo halafu ukaibeba kila Jumamosi Kariakoo.

Kwenye joto la Pwani begi lina gharama ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya vipimo. Jasho linakupita mgongoni. Kila ukibadilisha lenzi pembeni ya barabara ya vumbi, kihisi kiko wazi. Kwenye daladala begi liko mapajani, mikono miwili juu yake, macho hayapo dirishani. Lenzi moja ikikaa palepale, vumbi halina mlango.

Chochote utakachochagua, pwani ina adui wawili wa vifaa. Wa kwanza ni unyevu. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, kioo kinatoka jasho. Iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje ndipo uufungue. Wa pili ni fangasi wa lenzi, anayekua kifaa kinapokaa gizani wiki nyingi bila kutumika. Kopo la plastiki linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya vinasaidia sana. Njiani, kanga iliyokunjwa inatosha kuwa begi, kitambaa cha kufutia chumvi na mto wa kamera.

Basi kwa kifupi cha mnunuzi: anayepiga mchana na kutuma picha WhatsApp tu, abaki na simu na anunue betri ya akiba ya kuchajia. Anayetembea mjini kila siku kwenda kazini na kurudi, mwenye moyo wa kusogelea watu, aitafute GR III, au IIIx kama ana haya. Anayetaka kujifunza, mwenye bajeti ndogo, na anayependa jioni kuliko mchana, achukue DSLR iliyotumika na 35 f/1.8 kwa Nikon au 24 f/2.8 kwa Canon, na ile 18-55 ikija nayo aiache nyumbani kwa ajili ya Idi na harusi.

Ukinunua iliyotumika, usiishie kupiga picha mbili za dukani. Omba lenzi itolewe kwenye kamera, fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande wa nyuma na uchungulie kwa mbele ukiizungusha taratibu. Vumbi kidogo halina neno, halionekani kwenye picha. Ukiona nyuzi nyeupe zinazotawanyika kama utando wa buibui, ni fangasi; mrudishie muuzaji lenzi yake hata akikupunguzia bei. Kisha piga picha ya ukuta mweupe au anga tupu kwa f/16 na uikuze kwenye kioo: madoa meusi yanayobaki palepale kwenye kila picha ni uchafu ulio juu ya kihisi, na huo unasafishika, kwa hiyo hapo una haki ya kuomba punguzo.